Utepe Usio na Jina

Siku hizi kila kinapokaa kikao cha kujadili hifadhi ya sanaa na urithi wetu, mazungumzo huishia kwenye orodha ya vifaa. Kamera ngapi, skana ya aina gani, kompyuta yenye nafasi kiasi gani, diski za akiba zitunzwe wapi. Mfadhili naye akija huulizia vifaa, kwa kuwa kifaa huonekana, hupigwa picha siku ya makabidhiano, na hesabu yake hufungwa ndani ya mwaka mmoja. Sina ugomvi na vifaa. Bila hivyo kazi haifanyiki. Ninachotaka kukitetea leo ni kwamba tumeianza kazi hii kwa mwisho wake. Katika kila kitu cha urithi, iwe ni wimbo, hati, mchoro au jengo, sehemu inayopotea mapema kuliko zote, na ambayo hakuna duka linaloiuza, ni maelezo yake: nani alikifanya, wapi, lini, kwa shughuli gani, na nani mwenye haki nacho leo. Maelezo hayo yamo vichwani mwa watu, na watu hao wanazeeka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Naomba leo tuichukue methali hiyo kwa maana yake ya wazi kabisa, kama kanuni ya kazi.

Tuanze na nyumba ya redio. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, mwanamuziki wa Tanzania aliyetaka kurekodi hakuwa na studio nyingi za kuchagua. NUTA Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na bendi nyingine nyingi zilirekodi nyimbo zao katika Radio Tanzania Dar es Salaam, na pamoja nazo zikarekodiwa ngoma za mikoani, taarabu, kwaya na michezo ya kuigiza. Kwa kazi nyingi kati ya hizo, utepe wa redio ndiyo nakala pekee iliyopata kuwepo. Utepe wenyewe ni ukanda mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa chuma wenye sumaku, na unga huo umeshikwa na gundi. Gundi hunyonya unyevu. Katika hewa ya pwani hulainika na kunata. Utepe ukichezwa, unga hubanduka na kubaki kwenye kichwa cha mashine, na sauti huondoka nao. Tepe za zamani zaidi, zile za asetati, huanza kutoa harufu ya siki, kisha hukakamaa na kukatika. Haya ndiyo maradhi ambayo kila mtu huyataja, na ni ya kweli.

Sasa tuliangalie boksi la utepe kwa karibu. Juu yake fundi mitambo ameandika kwa mkono jina la bendi, nyimbo kwa mpangilio wake, muda wa kila wimbo na tarehe ya kurekodi. Pengine ndani mna kikaratasi chenye jina la mtunzi. Kikaratasi kile kikidondoka, au tepe mbili zilizotumika jioni moja zikirudishwa kila moja kwenye boksi la mwenzake, basi hata utepe ukiwa mzima kama siku ulipotoka kiwandani, umekwisha kuwa mgeni ndani ya nyumba yake. Ukiuhamishia kwenye kompyuta utapata faili lenye namba, na ndani yake sauti za wanawake na ngoma tatu. Kompyuta hutafuta kwa maneno yaliyoandikwa. Pasipoandikwa kitu, hakuna atakayelifikia faili hilo isipokuwa kwa bahati. Mtafiti wa ngoma za Wagogo atapita karibu nalo asijue. Mjukuu wa mwimbaji atatafuta jina la bibi yake na kuambiwa halipo. Mtu akitaka kuutumia wimbo ule katika filamu, hakuna wa kumwomba ruhusa wala wa kumlipa. Sauti imehifadhiwa kwa gharama kubwa, na aliyeitoa amefutwa.

Kwa upande wa pili uko ushahidi wa kile kinachowezekana pale daftari lilipotunzwa. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Kenya, Uganda na Tanganyika akirekodi muziki, na miaka minne baadaye akaanzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Alikuwa mtu wa zama za ukoloni, na zipo hoja nzito kuhusu nani alifaidika na safari zile. Hata hivyo alikuwa na desturi moja tunayopaswa kuiiga: kila alichorekodi kilijaziwa kadi yenye jina la wimbo, lugha, ala, mahali, tarehe na, mara nyingi, jina la mwimbaji. Mfululizo wake wa santuri 210 ulipata katalogi yake ya majuzuu mawili mwaka 1973. Zaidi ya miaka sitini baada ya safari ile, taasisi ya Ketebul ya Nairobi, ikiongozwa na Tabu Osusa, ilishirikiana na maktaba hiyo kuzirudisha rekodi za Kenya kwenye vijiji zilikotoka, na kwa Wakipsigis wakapatikana watu waliokuwepo wakati wa kurekodi. Wasingepatikana kwa ubora wa sauti peke yake. Kadi ndizo zilizowaonyesha watafutaji njia. Na pale kadi zilipoandika tu kwamba waliimba wasichana wa Kipsigis, bila kuwataja mmoja mmoja, ndipo palipobaki pengo ambalo mashine yoyote ya leo haiwezi kuliziba.

Huenda mtu akadhani desturi ya namna hii tuliletewa na wageni. Sivyo: waliotunga na kunakili tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikuwa nayo zamani. Mwana Kupona wa Pate, katika utenzi aliomtungia bintiye mwaka 1858, alitaja mwishoni mwaka wa Hijria na idadi ya beti. Faida ya idadi ile ni kubwa. Nakala ikipita mikononi mwa wanakili kumi, na mmoja akaruka ubeti au akaongeza wake, anayepokea huhesabu na kugundua mara moja kwamba kuna kasoro. Hifadhi za kidijitali za leo hufanya jambo hilohilo: kila faili hupewa hesabu ya ukaguzi, na hesabu isipolingana watu hujua faili limeharibika. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi, mchonga mbao na mwandishi wa khati aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi nyingi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, na katika nakala zake aliandika jina lake, tarehe, na aliyemwandikia. Kwa sababu hiyo, ingawa kazi za mkono wake zimetawanyika London na Ujerumani, leo zinaweza kukusanywa na kusomwa kama kazi za mtu mmoja mwenye jina na mji wake. Mwenye khati zile alijua kwamba kazi isiyo na saini ni yatima, na alilijua hilo kabla kompyuta hazijafika.

Kuna mfano mwingine unaopima hoja yangu kwa ukali zaidi, kwa kuwa unaanza kwa kuzisifu mashine. Makaburi ya makabaka wa Buganda pale Kasubi, Kampala, yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mwaka 2009 yalipimwa kwa mionzi ya leza, na vipimo hivyo vikahifadhiwa na shirika la CyArk. Tarehe 16 Machi 2010 moto ukaiteketeza nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga. Basi picha na vipimo vilikuwepo, na hiyo ni neema ambayo majengo mengi yaliyopotea hayakuipata. Lakini nyumba ile haiezekwi na kila mtu. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, ina viongozi wake na miiko yake, na namna ya kufunga nyasi hufundishwa kwa mikono. Leza hukueleza paa lilikuwa na upana gani. Haikuelezi nani ana haki ya kulipanda wala nyasi zifungweje ili mvua isipenye. Kasubi ilitoka katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023, miaka 13 baada ya moto, na katika miaka yote hiyo kazi ilitegemea mafundi waliobaki na ujuzi vichwani mwao. Kama ujuzi wao ungekuwa umeachwa upotee, vipimo vya leza vingebaki picha nzuri ya kitu kisichojengeka tena.

Sasa nije kwenye mapingamizi, maana yapo, na mojawapo lina nguvu kweli. Wataalamu wa hifadhi za sauti watasema: wewe unataka maelezo, na tepe zinaoza. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha walitoa tahadhari kwamba kufikia mwaka 2025 kunakili tepe kungekuwa kugumu mno, kwa sababu mashine za kuzichezea hazitengenezwi tena, vipuri vimeadimika na mafundi wanastaafu. Okoeni sauti kwanza, husema, maelezo yatafuata. Nakubali nusu ya kwanza ya pingamizi hili. Nusu ya pili naikataa, kwa sababu mbili. Kwanza, kila mradi wa hifadhi huwa na mwisho wa fedha, na kazi iliyowekwa kwenye awamu ya pili ndiyo hukatwa awamu ya kwanza inapochelewa. Pili, utaratibu wenyewe wa kunakili unatupa nafasi. Karatasi huweza kuskaniwa kwa sekunde chache; utepe huchezwa kwa mwendo wake wa kawaida, na saa moja ya utepe huchukua saa moja. Saa hiyo fundi anapokaa kusikiliza kama sauti iko sawa, mzee aliyekuwa mpiga gitaa, mtangazaji mstaafu au mama wa kikundi cha ngoma anaweza kukaa pembeni yake, na kijana mwenye daftari akaandika kila anachotambua. Gharama ni nauli, chakula na posho ya heshima kwa mzee. Kazi hiyo haichelewishi kunakili hata kwa dakika moja.

Pingamizi la pili ni la kisasa zaidi. Watu husema akili mnemba itatumalizia kazi: itasikiliza, itaandika maneno, itatambua ala, itapanga kila kitu. Katika Kiswahili cha taarifa ya habari programu hizi zinazidi kuwa hodari, na zitumiwe; saa elfu za hotuba na vipindi zikipata maandishi, hata yenye makosa, mtafiti atapata pa kuanzia. Ila programu hujifunza kutokana na kilichokwisha kuandikwa kwa wingi. Kwa lugha ambazo maandishi yake ni haba, nazo ndizo lugha za sehemu kubwa ya ngoma zetu, hukisia, na makisio yake huja yamevaa sura ya uhakika. Isitoshe, maelezo muhimu zaidi mara nyingi hayamo katika sauti yenyewe. Kwamba wimbo ulitungwa kumsema bwana shamba fulani, kwamba uliimbwa katika mavuno tu, kwamba mwimbaji wa pili alikuwa mkwe wa yule wa kwanza, hayo hayasikiki hata kwa sikio la mashine kali kiasi gani. Lazima aulizwe anayejua. Mashine itatusaidia kupanga majibu. Kuuliza ni kazi ya watu, na ina muda wake wa kuisha.

Pingamizi la tatu huhusu mahali pa kuweka. Kwa nini tuhangaike, husema, wakati maktaba kubwa za nje zina majengo imara, umeme usiokatika na wataalamu wengi? Chukua mfano wa Lamu. Hati za Msikiti wa Riyadha, kitovu cha elimu kilichoasisiwa na Habib Saleh, zilipigwa picha za kidijitali chini ya programu ya Maktaba ya Uingereza ya kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Programu hiyo ina msimamo wa kusifiwa: hati asili zisiondoke kwa wenyewe, na nakala za picha zibaki pia katika nchi ilikofanyika kazi. Hekima ya msimamo huo ilidhihirika Oktoba 2023, wahalifu wa mtandaoni walipoivamia Maktaba ya Uingereza na kuiangusha mifumo yake. Kwa miezi mingi makusanyo yaliyokuwa yakisomwa duniani kote kwa kubonyeza kitufe hayakuweza kufunguliwa. Kumbe jengo imara halitoshi, na nakala moja, popote ilipo, ni nakala iliyo hatarini. Lakini iko sababu kubwa zaidi ya kutaka nakala ikae karibu. Anayeweza kusema khati hii ni ya mwalimu fulani, au jina hili limesomwa vibaya, yuko Lamu. Hifadhi iliyo mbali naye hubaki na makosa yake ya siku ya kwanza. Iliyo jirani naye husahihishwa na kukua.

Liko jambo la nne, nalo ni la haki. Wapo wanaotaka kila kitu kiwekwe wazi mtandaoni, kwa kuwa utamaduni ni wa wote. Wapo wengine wanaotaka kila kitu kifungiwe, kwa kuogopa wizi. Wote wawili wanasahau kwamba uamuzi huo hauwezi kufanywa kwa busara bila maelezo. Nyimbo za unyago hazikutungwa zisikike na kila sikio. Aliyerekodi bila kuandika kuwa ni za unyago amewanyima kungwi na wanawake wa mahali pale nafasi ya kusema zifunguliwe kwa nani. Pale Kondoa, michoro ya miambani iliyoingia katika urithi wa dunia mwaka 2006 ilinakiliwa na mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1951. Lakini Mungomi wa Kolo, mojawapo ya mapango yenye michoro hiyo, ni mahali ambapo Warangi wameendelea kufanya matambiko, na pombe ya mtama inayomwagwa hapo imewahi kuwagombanisha na wahifadhi wanaoilinda rangi ya michoro. Mgogoro huo hautatuliki kwa picha. Unahitaji kumbukumbu inayoeleza matambiko ni ya nini, wanaoyasimamia ni akina nani, na nini wanaweza kukubaliana na wahifadhi. Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii. Sheria kama hiyo inaposema jamii iombwe ridhaa, hifadhi isiyojua kitu kilitoka kwa jamii gani haina wa kumwomba.

Kwa hiyo, mpenzi msikilizaji, nini kifanyike? Kwanza, katika bajeti ya kila mradi wa kidijitali liwepo fungu la watu wa kuuliza na kuandika, lisilopungua fungu la vifaa, na lisihamishwe. Pili, iwepo fomu fupi ya pamoja, kwa Kiswahili, ambayo maktaba ya redio, makumbusho, chuo na kikundi cha ngoma wote waijaze kwa namna moja: jina la kitu, waliokifanya, mahali, tarehe, lugha, shughuli yake, mwenye haki, masharti ya kukitumia, na jina la aliyetoa maelezo. Hilo la mwisho ni muhimu, kwani mtoa habari naye ni mtaalamu na anastahili kutajwa. Tatu, vyuo vyetu vina wanafunzi wa Kiswahili, historia na sanaa wanaotafuta kazi za utafiti kila mwaka. Mwanafunzi mmoja akipewa tepe kumi na wazee watatu wa kuwauliza, atatoa kazi yenye faida kuliko tasnifu nyingi zinazorudia vitabu. Na majumbani, ambako albamu za harusi, barua na kaseti ziko kabatini, kazi haingoji mfadhili. Penseli laini nyuma ya picha inatosha kuandika nani amesimama wapi, na mwaka gani.

Najua kuna watakaosema nchi ina mahitaji makubwa zaidi ya haya. Ninachokipendekeza hakidai fedha mpya nyingi. Kinadai zile zinazotolewa tayari zigawanywe kwa mpango mwingine. Tukinunua skana mbovu leo, tutanunua nzuri kesho, na huenda kwa bei nafuu zaidi. Mpiga gitaa wa miaka 80 hatatusubiri tuone bei zikishuka. Basi atakayekuja na maombi ya fedha za kuhifadhi urithi wetu, awe waziri, mkurugenzi, balozi au kiongozi wa kikundi, aulizwe swali moja kabla ya bei ya mashine: ni nani atakayekaa na wazee, na ameanza lini? Asipokuwa na jibu, arudi akalitafute kwanza.